Mlango wa Nyumba Hauhamishwi Usiku

Mtu aliyeizoea nyumba yake hahitaji taa usiku. Akiamka kwa kiu, mkono wake waujua mtungi ulipo na kata ilipotundikwa. Akitaka kutoka kwenda sala ya alfajiri, mguu wake wakijua kizingiti. Sasa tukadirie kwamba usiku mmoja, naye amelala, watu wamekuja wakauchukua mtungi wakauweka darini, wakauziba mlango wa mbele na wakatoboa mwingine ubavuni, kisha asubuhi wakamwambia: "Tumekutengenezea nyumba, sasa imekuwa nzuri zaidi." Huenda imekuwa nzuri kweli. Lakini mwenyewe amekwisha kujigonga paji la uso, na sala ya jamaa imempita.

Mfano huu si ngano. Ndiyo hali iliyowafika mamilioni ya watu wanaotumia kompyuta, mwaka 2011 na tena mwaka 2012, na kwa kiasi kidogo mwaka 2021. Walifungua mashine zao asubuhi wakakuta kila kitu kimehamishwa. Twaliandika jambo hili katika ukurasa wa utamaduni, wala si katika ukurasa wa ufundi, kwa sababu twaamini kwamba ni jambo la ada kabla ya kuwa jambo la mashine.

MEZA YA KARANI

Kwanza na tuelewane kuhusu hiyo nyumba yenyewe. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, nao ndio unaosimamia kazi zote za ndani. Juu ya mfumo huo pana uso, yaani kile tunachokiona kiooni tukiwasha. Uso huo ulibuniwa kwa mfano wa meza ya karani: hapa karatasi, pale majalada, na kando debe la takataka. Kampuni ya Xerox iliuuza mfano huo mwaka 1981 katika mashine iliyoitwa Star, na Apple wakaueneza kwa mashine yao ya Macintosh mwaka 1984. Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft wakatoa Windows 95, na humo ndimo ulimotimia mpangilio ambao wengi wetu twaujua: utepe mmoja chini ya kioo, kitufe kilichoandikwa Start katika pembe ya kushoto, menyu inayopanda ukikibonyeza, saa katika pembe ya kulia, na picha ndogo ndogo zimepangwa juu ya meza kama vyombo katika zidaka za nyumba za Lamu.

Mpangilio huo ulienea ulimwenguni. Hata wale waliotengeneza mifumo ya bure, isiyouzwa wala kumilikiwa na kampuni moja, walifuata nyayo zizo hizo au za jirani yake. Miongoni mwao ni mradi wa GNOME, ulioanza mwaka 1997. Toleo lake la pili, lililotoka mwaka 2002, lilikuwa na utepe mmoja juu na mwingine chini, na menyu tatu katika pembe ya juu: ya programu, ya mahali, na ya mfumo. Ubuntu, mfumo ulioasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulitumia mpangilio huo. Jina hilo la Ubuntu halitufichi maana yake sisi Waswahili, kwani ni ndugu wa neno letu utu.

MAHALI NI LUGHA

Huenda msomaji akauliza: kitufe kuhama kutoka pembe moja kwenda nyingine, kuna msiba gani hapo? Si mtu atatafuta tu mpaka akione?

Kwa mtu aliyesoma Kiingereza vizuri na mwenye wakati wa kutosha, pengine hapana msiba. Lakini na tutazame hali halisi ya kwetu. Ingia katika duka lolote la kuchapa na kupiga nakala, Mombasa au Malindi, umtazame kijana au mama aliyeketi mbele ya mashine. Wengi wao hawakuisoma kompyuta, waliihifadhi. Waliambiwa: "Shuka chini kushoto, bonyeza, panda mstari wa nne, pinda kulia." Maneno yaliyoandikwa kiooni ni ya lugha ya kigeni, na mengi hayana maana kwao. Wanachokijua ni mahali. Kwa mtu huyo mahali ndiyo lugha yenyewe, na anayemhamishia mahali amemnyang'anya lugha.

Waliopita chuoni watatufahamu upesi. Aliyehifadhi kwa msahafu mmoja huijua aya kwa mahali pake pia: ukurasa wa kulia, karibu na juu, mstari wa tatu. Ndiyo maana walimu wengi huwausia wanafunzi washike chapa moja, kama ile ya Madina yenye kurasa 604 na mistari 15 kwa ukurasa, ambayo kila ukurasa wake huishia mwisho wa aya. Mpe mwanafunzi huyo msahafu wa chapa nyingine, utamwona anasita, ilhali hapana hata herufi moja iliyobadilika. Hatulinganishi Kitabu kitukufu na mashine, hasha. Twailinganisha akili ya mwanadamu na akili yake mwenyewe. Ndivyo alivyoumbwa: hushika kwa jicho na kwa mkono kabla ya kushika kwa hoja.

Basi anayesema kwamba mpangilio ni pambo tu hajapata kumtazama mwenye kazi akiwa kazini.

KASHA, KALAMU NA MARUFAA

Mwezi wa Aprili mwaka 2011 mradi wa GNOME ulitoa toleo lake la tatu. Menyu za zamani ziliondolewa. Utepe wa chini uliondolewa. Picha za juu ya meza ziliondolewa. Vitufe vya kupunguza na kukuza dirisha, vilivyokuwa pembeni mwa kila dirisha, navyo viliondolewa. Hata amri ya kuzima mashine ilifichwa: mtu alionyeshwa njia ya kuilaza tu, na ili kuizima kabisa ilimbidi ashikilie kitufe cha Alt ndipo neno lenyewe litokeze. Mwezi huo huo Ubuntu nao wakaja na uso wao mpya ulioitwa Unity, wenye safu ya picha upande wa kushoto.

Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wala hawakuwa na nia mbaya. Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007 na kibao cha iPad mwaka 2010, na wabunifu wengi waliona kwamba siku za kipanya zinahesabika, na kwamba kila kioo kitakuwa cha kugusa kwa kidole. Walitaka kujenga nyumba ya kesho. Kosa lao lilikuwa moja: walianza kuibomoa nyumba ya leo kabla wenyeji hawajahama.

Kelele zilikuwa kubwa. Hata Linus Torvalds, mtu aliyeanzisha Linux mwaka 1991 na ambaye hakuna awezaye kumwita mgeni wa kompyuta, alilalamika hadharani, akahamia kwa muda kwenye uso mwingine uitwao Xfce. Tukumbuke jambo hili kila tunapoambiwa kwamba wanaolilia mpangilio wa zamani ni wazee wasiojua mambo.

Lakini baadhi ya watu hawakuishia kwenye kulalamika. Mtumiaji mmoja wa Argentina aliuchukua msimbo wa toleo la pili, ule uliotupwa, akaanza kuuhuisha. Wengine wakamuunga mkono. Uso huo wakauita MATE, jina la majani wanayoyanywa watu wa kwao kama sisi tunavyokunywa kahawa barazani. Na kwa kuwa majina ya zamani yaligongana na ya toleo jipya, iliwabidi wazipe programu zote majina mapya, nao wakayachukua katika lugha yao ya Kihispania. Programu ya kupangia mafaili wakaiita Caja, yaani kasha. Ya kuandikia wakaiita Pluma, yaani unyoya au kalamu. Na ile ya kusomea vitabu wakaiita Atril, yaani kile kibao cha kuwekea kitabu, ambacho sisi tungekiita marufaa. Kasha, kalamu na marufaa: watu waliokuwa wakirudisha ada hawakuona haya kuyaita mambo kwa majina ya nyumbani kwao.

Kundi jingine, la Linux Mint, mradi ulioanzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, lilishika njia ya pili. Wao waliuchukua ufundi mpya wa GNOME, wakajenga juu yake uso wenye sura ya zamani: utepe chini, menyu kushoto, saa kulia. Wakauita Cinnamon, yaani mdalasini. Mwaka 2013 GNOME wenyewe wakaongeza namna ya kuutumia mfumo wao kwa mpangilio wa kale, wakaiita Classic. Na Ubuntu, baada ya miaka sita, waliuacha ule uso wa Unity mwaka 2017.

MWENYE NYUMBA NA MPANGAJI

Sasa na tuitazame nyumba ya pili. Tarehe 26 Oktoba 2012 Microsoft walitoa Windows 8. Kitufe cha Start, kilichokaa katika pembe ile kwa miaka 17, hakikuwapo. Mtu akiwasha alikutana na vibao vya rangi vilivyojaa kioo kizima, na meza yake ya kazi ilikuwa nyuma ya vibao hivyo. Kuzima mashine kulitaka mtu apeleke mshale kwenye pembe asiyoiona kuwa na kitu, atokezewe na safu iliyofichwa.

Huku nako watu walilalamika. Lakini huku hapakuwa na msimbo wa kuuchukua. Hapakuwa na wa kuuhuisha uliotupwa, kwani hata kilichotupwa kilikuwa mali ya kampuni. Watu walisubiri. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 walirudishiwa kitufe, na walipokibonyeza kikawapeleka kwenye vibao vile vile. Menyu yenyewe ilirudi Julai mwaka 2015, katika Windows 10. Ilikuwa karibu miaka mitatu. Katika muda huo waliojiweza walitia programu za watu wengine, mashuhuri miongoni mwao ikiwa Classic Shell, ili wapate kile walichokuwa nacho zamani bila ya kuomba. Na hata programu hiyo ina funzo lake: mwaka 2017, mwenye kuitengeneza alipochoka, aliuacha msimbo wake hadharani, na wengine wakaiendeleza kwa jina la Open-Shell. Lau angeondoka na ufunguo mfukoni, kazi ingekufa naye.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Nyumba zote mbili zilihamishiwa milango usiku. Katika nyumba ya kwanza wakaazi walichukua mwiko na chokaa wakaurudisha mlango wenyewe, na katika muda wa miezi tu wengine walikuwa wakipita. Katika nyumba ya pili wakaazi walisimama uani wakimngojea mwenye nyumba abadili nia. Alibadili, nasi twamshukuru. Lakini alibadili alipotaka yeye. Kilichowatofautisha si busara ya wabunifu, kwani pande zote mbili zilikosea kwa namna moja. Kilichowatofautisha ni haki. Mmoja ni mwenye nyumba, na mwingine ni mpangaji.

Haki hiyo haikushuka kama mvua. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU akitaka kila mtumiaji awe na ruhusa ya kuitumia programu, kuisoma, kuibadili, na kumpa mwenzake. Wengi walimwona ana ndoto. Miaka 28 baadaye mtu wa Argentina, asiyeomba ruhusa kwa yeyote, aliitumia ruhusa hiyo kurudisha utepe mmoja na menyu tatu. Msomaji asidharau udogo wa kilichorudishwa. Haki hupimwa kwa mambo madogo.

LA KALE NALO LILIKUWA JIPYA

Tutakuwa si waadilifu tukinyamaza hoja ya upande wa pili. Mpangilio tunaouita wa kale haukuja na jahazi la mababu. Kitufe cha Start kina miaka 30 na kidogo. Kilipoingia mwaka 1995, waliokuwa wamezoea toleo lililotangulia nao waliguna. Wako vijana leo waliokulia kwenye simu, na kwao vibao vya kugusa ndiyo ada, na ule utepe wa chini ndio ugeni. Pia yapo mapya yaliyo bora kwa hakika, na anayekataa kila kipya kwa kuwa ni kipya hana tofauti na anayekipokea kila kipya kwa kuwa ni kipya. Wote wawili hawakutumia akili.

Lakini wanazuoni wa fiqhi walituachia kanuni iliyo mizani nzuri katika jambo hili: al-ada muhakkama, ada hufanywa hakimu. Palipokosekana nassi, mazoea ya watu yaliyoenea huheshimiwa katika kuamua mambo yao. Wala hawakusema kwamba ada haibadiliki. Walijua fika kwamba hubadilika kwa zama na kwa mahali. Walichokataa ni mtu kuyapuuza mazoea ya watu kana kwamba hayapo, akawahukumu kwa mazoea yake yeye. Ada hubadilishwa na wenye ada, kidogo kidogo, kwa kutumia na kuacha. Haibadilishwi na mtu aliye mbali, kwa siku moja, akiwa na hakika kwamba anajua zaidi kuliko mkono wa mwenye kazi.

Kwa hivyo hatusemi kwamba mpya asiingie. Twasema aingie kwa hodi. Awekwe kando ya wa zamani, watu wamjaribu, na atakayependa amfuate. Na atakayependa kubaki aachiwe njia ya kubaki, iliyo wazi na isiyofichwa.

TUFANYE NINI

Jambo hili latuhusu zaidi wakati huu kuliko wakati mwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walikoma kuihudumia Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ilikihamishia kitufe cha Start katikati, na inadai mashine yenye sifa ambazo kompyuta nyingi za zamani hazina. Shule zetu, madrasa zetu na maduka yetu yamejaa mashine kuukuu zilizonunuliwa mitumba, ambazo bado zafanya kazi barabara. Wenye mashine hizo watalazimika kuamua, na ni bora waamue huku macho yao yamefunguka.

Aliyeingia Windows 11 na akapotewa, ajue kwamba hatua moja ya kurudi nyumbani ipo. Abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ule utepe wa chini, aingie katika mipangilio yake, atafute mahali pa kupanga upande, achague kushoto. Kitufe kitarudi katika pembe yake.

Mwenye mashine kuukuu ambayo Windows 11 yaikataa, asikimbilie kuitupa. Atafute mjuzi wa karibu amjaribishie Linux Mint, au Ubuntu yenye uso wa MATE. Kunakili hakuna malipo, na yawezekana kuijaribu mifumo hiyo kutoka kwenye kijiti cha kumbukumbu kabla ya kugusa kitu ndani ya mashine. Atakuta utepe, menyu na saa. Na katika MATE ya Ubuntu mna mahali pa kuchagua mpangilio, mmoja wao ukiwa ule wa zamani wa utepe wa juu na wa chini. Hata hivyo, ahakikishe kwanza kwamba programu anazozihitaji kwa kazi yake zapatikana huko, kwani si zote zilizotengenezwa kwa Windows zinazokubali kuhamia. Nyumba uliyo na haki nayo yataka nawe uifagie.

Kwa walimu wanaofundisha vijana kompyuta, tuna ombi. Kufundisha mahali pekee hakutoshi. Mwanafunzi aliyeambiwa "bonyeza pale" akaishia hapo, amepewa samaki wa siku moja. Aambiwe pia kitu hicho chaitwaje kwa Kiswahili, kina kazi gani, na kwa nini kiko hapo. Mlango ukihamishwa, atajua kwamba anatafuta mlango, wala hatasimama mbele ya ukuta. Na wakubwa wa ofisi, kabla ya kubadilisha mfumo mzima kwa siku moja, wamuulize fundi wao swali hili: wafanyakazi wasipouweza, wataweza kuurudisha ule wa kwanza? Fundi akisema haiwezekani, basi wajue kwamba hawanunui nyumba. Wanapanga chumba, na kodi yake hailipwi kwa pesa tu.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumezoea kuitumia kwa kanzu na kofia, kwa ngoma na kwa lugha. Nasi twaongeza kwamba yamhusu pia kijana aliyeketi mbele ya kioo katika duka la kuchapa, anayesubiriwa na wateja watano na hajui kitufe kimekwenda wapi. Mtu huyo hataki makuu. Ataka aamke usiku na aukute mtungi pale alipouweka.